Zawadi Isiyotajwa: Haki ya Mnunuzi Kujua Nani Amelipia Sifa za Bidhaa Mtandaoni

Mwenge, katika Manispaa ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, ni mahali ambapo biashara ya zamani na ya sasa zinatazamana. Upande mmoja wapo wachonga vinyago, ambao kazi zao za mpingo zimelifanya eneo hilo lijulikane kwa wageni kutoka pembe nyingi za dunia. Upande mwingine yapo maduka ya nguo, viatu, wigi, vipodozi, simu na vifaa vya umeme, ambayo mengi hayategemei tena mpita njia pekee. Duka lenye upana wa hatua chache linaweza leo kuwa na wateja Kasulu, Tunduru na Sumbawanga. Mteja huiona bidhaa kwenye simu yake, hulipa kwa simu hiyohiyo, na mzigo hupakiwa kwenye basi la mkoani.

Mteja wa namna hiyo hawezi kushika kitambaa, kunusa mafuta wala kuwasha kifaa kabla ya kulipa. Anachotegemea ni maelezo ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo si mwenye duka. Ni mwandishi wa blogu, mtengeneza maudhui wa Instagram, YouTube au TikTok, msanii, au mtu yeyote aliyejipatia wafuasi wengi na imani yao. Huonekana akilivaa gauni, akijipaka mafuta au akifungua boksi la simu mpya, kisha husema kuwa bidhaa hiyo imemridhisha. Jambo ambalo mtazamaji haambiwi kila mara ni kwamba bidhaa hiyo haikununuliwa. Ilitolewa bure na mwenye duka.

Kutokana na hali hiyo linazuka swali linalowahusu wanunuzi, wafanyabiashara na vyombo vya usimamizi kwa pamoja: je, mtu aliyepewa bidhaa bure ana wajibu wa kuwaeleza wafuasi wake kuwa amepewa? Misingi ya sheria za nchi, desturi ya muda mrefu ya vyombo vya habari na uzoefu wa mataifa mengine vyote vinaelekea kwenye jibu moja, nalo ni ndiyo.

Makubaliano yasiyoandikwa

Utaratibu wenyewe ni rahisi, na pengine wepesi huo ndio unaoufanya uonekane hauna uzito. Mwenye duka humtafuta mshawishi mwenye wafuasi wanaofanana na wateja wake. Humtumia gauni, jozi ya viatu, chupa ya mafuta au kifaa cha jikoni. Hakuna mkataba, hakuna ankara na mara nyingine hakuna hata ombi la wazi. Panakuwapo matarajio tu, kwamba picha itawekwa, jina la duka litatajwa na namba ya simu itaonekana.

Kwa mfanyabiashara mdogo, njia hii ina mantiki. Tangazo la redio, bango la barabarani au ukurasa wa gazeti vina gharama ambayo wengi hawaimudu, ilhali gauni moja lililotoka kwenye rafu yake linaweza kumfikia mnunuzi ambaye asingepita dukani kwake kamwe. Kwa mtengeneza maudhui kijana, bidhaa hiyo ni ujira wa kazi halali inayohitaji muda, ubunifu, vifaa na bando la intaneti. Kwa hiyo si haki kuichukulia kila zawadi ya aina hii kuwa ni hila.

Zipo sura nyingine za uhusiano huohuo. Yupo anayelipwa fedha taslimu, yupo anayepewa punguzo la bei, yupo anayepata kamisheni kwa kila mteja anayetaja jina lake anaponunua, na yupo anayesifia duka la ndugu yake au duka ambalo yeye mwenyewe ana hisa. Sura hizi zinatofautiana kwa kiasi cha faida, lakini zote zinafanana kwa jambo moja: msemaji ana masilahi katika kile anachokisema, na msikilizaji hayaoni masilahi hayo kwa macho.

Tofauti hii inaeleweka vizuri zaidi mtu anapofikiria ushahidi mahakamani. Ndugu wa mdai hazuiwi kutoa ushahidi, na anaweza kabisa kusema kweli. Hata hivyo, mahakama huambiwa kuwa ni ndugu, kisha huupima ushahidi wake kwa kulizingatia jambo hilo. Mshawishi wa mtandaoni ni shahidi wa bidhaa mbele ya maelfu ya watu. Kupewa bidhaa hakumfanyi kuwa mwongo. Kunamfanya awe shahidi mwenye masilahi, na wanaomsikiliza wanastahili kulijua hilo kabla ya kufungua pochi zao.

Uzito wa zawadi

Wapo wanaosema kwamba bidhaa ya shilingi elfu chache haiwezi kununua maoni ya mtu. Hoja hiyo inasahau nafasi ya zawadi katika maisha ya jamii za Afrika Mashariki. Zawadi hapa haipokewi kimya kimya. Hushukuriwa, hukumbukwa na mara nyingi hurudishwa kwa namna nyingine. Mtu aliyepokea kwa mikono miwili huona haya kuikosoa zawadi hadharani, hata ikiwa mshono wake umefumuka siku ya pili. Desturi hiyo ni njema kati ya majirani na jamaa. Inapoingia katika biashara bila kutajwa, humfanya mpokeaji anyamazie kasoro ambazo mnunuzi alihitaji kuzisikia.

Ni kwa sababu hiyo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 iliweka utaratibu wa viongozi kutamka zawadi wanazopokea. Sheria hiyo haikuanzia kwenye dhana kwamba kila anayepewa zawadi ni mla rushwa. Ilitambua kuwa zawadi hujenga deni la moyoni, na kwamba dawa ya kwanza ya deni hilo ni kulitaja. Mshawishi wa mtandaoni si kiongozi wa umma na sheria hiyo haimhusu, lakini tabia ya binadamu iliyozingatiwa katika kuitunga ni ileile.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mtandaoni methali hiyo inahitaji kuangaliwa upya, kwa kuwa huko kizuri na kibaya vyote vinatembezwa, tena na watu walewale na kwa maneno yaleyale ya sifa. Kinachobaki kumsaidia mnunuzi ni kujua nani anavitembeza na kwa malipo gani. Wanunuzi wa vinyago wanalifahamu jambo linalofanana na hili: mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi unaweza kuuzwa kama mpingo, na mnunuzi mwangalifu huupima uzito wake mkononi au huukwaruza chini ya kitako. Video ya sekunde thelathini haina uzito wa kupimwa wala kitako cha kukwaruzwa. Anayeitazama anabaki na neno la msemaji peke yake.

Kutoka blogu hadi duka la kiganjani

Historia ya blogu nchini inaonyesha kuwa hali hii haikuwapo tangu mwanzo. Katikati ya miaka ya 2000, waandishi kama Ndesanjo Macha, kupitia blogu yake ya Jikomboe, waliwafungulia njia Watanzania wengine kuandika kwa Kiswahili kwenye intaneti. Mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005, nayo ikawa dirisha la habari na picha kwa Watanzania wa ndani na wa ughaibuni. Wasomaji walizifuata kurasa hizo kutafuta habari, mijadala na picha za nyumbani. Imani waliyokuwa nayo kwa mwandishi ilijengwa hatua kwa hatua, nayo ndiyo mtaji ambao wafanyabiashara waliuona baadaye.

Simu janja ziliposambaa, mtu mmoja aliweza kuwa mwandishi, mpiga picha, mtangazaji na wakala wa mauzo kwa wakati mmoja. Serikali ililitambua badiliko hilo kwa hatua mbalimbali. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ziliwataka wenye blogu kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000. Kanuni mpya zilizochukua nafasi yake zilitoka mwaka 2020. Kwa upande wa kodi, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo anayolipwa mtengeneza maudhui ya kidijitali aliye mkazi wa Tanzania. Kwa maneno mengine, kazi hii imekwisha kutambuliwa kuwa ni kazi yenye kipato, na kazi yenye kipato haikosi wajibu kwa wale inaowahudumia.

Vyombo vya habari vya zamani vilipita njia hiyohiyo. Msikilizaji wa redio nchini amezoea kusikia kuwa kipindi kimemfikia kwa hisani ya kampuni fulani, na msomaji wa gazeti hukuta neno "Tangazo" juu ya ukurasa uliolipiwa. Pale mpaka huo unapovukwa kwa siri, jamii ina jina lake: bahasha. Maadili ya uandishi wa habari, yakiwemo yanayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania, yanamkataza mwanahabari kupokea kishawishi cha kupindisha habari. Gauni analotumiwa mshawishi nyumbani kwake ili alisifie bila kusema lilikotoka halitofautiani sana na bahasha hiyo, ila limekunjwa kwa namna nyingine.

Pale ambapo kimya kinagharimu afya

Gauni lisilomkaa mtu vizuri humtia hasara ya fedha. Ipo bidhaa ambayo hasara yake haiishii kwenye fedha, nayo ni vipodozi, hususan krimu na losheni zinazodaiwa kung'arisha ngozi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambata sumu, vikiwemo zebaki na hydroquinone. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kuwa zebaki iliyomo katika bidhaa za kung'arisha ngozi huweza kudhuru figo, kuathiri mfumo wa fahamu, na kuacha vipele, mabaka na makovu kwenye ngozi yenyewe. Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni.

Krimu ya aina hiyo inapofika mikononi mwa mshawishi ikiwa zawadi, mlolongo wa kuaminiana hugeuka mtego. Binti wa miaka kumi na minane anaona ngozi iliyong'aa kwenye skrini. Hajui kuwa taa na programu ya kusafisha picha vimefanya sehemu ya kazi hiyo. Hajui kuwa msemaji alipewa chupa hiyo siku chache tu zilizopita, wala kwamba huenda hajawahi kuimaliza. Anachosikia ni ushuhuda wa mtu anayemwona kama dada yake. Lau angeambiwa kwa maneno matatu tu, "nimepewa na duka", angekuwa na sababu ya kusita, kuuliza na kusoma maandishi ya kwenye chupa.

Ni vyema hapa kutofautisha mambo mawili. Kutamka kuwa bidhaa imetolewa bure hakuigeuzi krimu yenye sumu kuwa salama, wala hakumwondolei lawama anayeitangaza. Usalama wa vipodozi na vyakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo lilipokea jukumu hilo mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ambayo sasa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Matangazo ya dawa nayo yana utaratibu wake wa kuombewa kibali. Uwazi wa mshawishi ni nyongeza ya ulinzi huo, na hauwezi kuwa mbadala wake.

Sheria inasema nini

Msingi mkuu wa kumlinda mnunuzi nchini ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamzuia mtu yeyote, anapofanya biashara, kuwa na mwenendo unaopotosha au kudanganya, au unaoelekea kupotosha au kudanganya. Vifungu vinavyofuata vinakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Lugha hiyo ni pana kwa makusudi. Haikuhitaji kuitaja Instagram wala TikTok, mitandao ambayo haikuwapo wakati sheria inatungwa, ili iweze kuugusa mwenendo wa kibiashara unaofanyika humo.

Swali la kisheria katika mazingira ya Mwenge linakuwa hili: je, kumwonyesha mtu akiisifia bidhaa kana kwamba ameichagua na kuinunua mwenyewe, ilhali amepewa na muuzaji, ni mwenendo unaoweza kupotosha? Ni vigumu kujibu hapana. Mnunuzi anapima sifa kwa kuangalia zinatoka wapi. Sifa za mteja aliyetoa fedha yake zina uzito mmoja, na sifa za mtu aliyetumiwa mzigo zina uzito mwingine. Kuficha chanzo ni kubadilisha uzito huo bila mnunuzi kujua.

Ni muhimu pia kuona kwamba wajibu hauishii kwa mshawishi. Mwenye duka ndiye aliyeanzisha shughuli, ndiye anayepata faida ya mauzo, na ndiye aliye katika biashara kwa maana ya wazi kabisa. Akimtumia mtu bidhaa, ni busara amwombe pia aeleze kuwa amepewa. Kadhalika, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zinakataza maudhui ya uongo yanayoweza kuupotosha umma, hivyo mtoa maudhui hawezi kujitetea kwa kusema kuwa yeye alirudia tu maneno ya muuzaji.

Kwa bahati, vyombo hivi haviko mbali na soko lenyewe. Barabara ya Sam Nujoma, inayoanzia Ubungo na kuishia Mwenge inapokutana na Barabara ya Bagamoyo, ina ofisi za TBS kwenye mwanzo wake na Jengo la Mawasiliano la TCRA kabla ya kufika mwisho. Daladala moja inapita mbele ya taasisi zote mbili kabla ya kumshusha abiria karibu na maduka yanayozungumziwa. Ukaribu huo unatoa fursa nzuri ya kuwafikia wafanyabiashara na watengeneza maudhui kwa elimu kabla ya kuwafikia kwa adhabu.

Mataifa mengine yamefika wapi

Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara (FTC) ilirekebisha miongozo yake kuhusu ushuhuda katika matangazo, na marekebisho hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Desemba, 2009. Miongoni mwa mifano iliyowekwa ni wa kijana mwenye blogu ya michezo ya video aliyetumiwa mashine ya kuchezea bure ili aiandikie. Mwongozo ulieleza kuwa anapaswa kutamka wazi kuwa amepewa, kwa kuwa wasomaji wake hawawezi kubuni jambo hilo, na kulijua kungeweza kubadili uzito wanaoyapa maoni yake.

Mwaka 2016 tume hiyo ilifikia makubaliano na kampuni ya maduka ya Lord & Taylor. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyo iliwapa washawishi 50 wa mitindo gauni la aina moja, pamoja na malipo ya kati ya dola 1,000 na 4,000 kwa kila mmoja, ili walivae na kuweka picha Instagram. Masharti yalitaja jina la kampuni na alama ya reli ya kutumia, lakini hayakuwataka waseme kuwa wamelipwa na wamepewa gauni. Gauni hilo liliisha madukani kwa haraka. Lawama ya kisheria iliangukia kampuni iliyopanga shughuli hiyo, jambo linalothibitisha hoja iliyotangulia kuwa mtoa zawadi naye ana wajibu.

Uingereza nayo, mwezi Januari 2019, ilipata ahadi rasmi kutoka kwa watu mashuhuri 16 kuwa wataeleza wazi wanapolipwa au kupewa bidhaa. India ilitoa mwongozo mwezi Januari 2023 unaowataka washawishi kutamka uhusiano wao na wauzaji, zikiwemo bidhaa za bure na punguzo la bei, kwa lugha nyepesi na mahali pa wazi. Ufaransa ilitunga sheria mahsusi tarehe 9 Juni, 2023, ambayo inahesabu faida isiyo ya fedha kuwa ni malipo, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300,000. Nchi hizi zinatofautiana kwa ukali, lakini zote zimekubaliana kuwa bidhaa ya bure ni malipo kama malipo mengine.

Namna ya kutamka kwa Kiswahili

Kilichobaki ni jambo la vitendo. Mtu anayetaka kuwa mkweli aseme nini, na aseme wapi? Watengeneza maudhui wengi huazima vifupisho vya Kiingereza, na mara nyingi huvizika mwishoni mwa msururu wa alama za reli ambako hakuna anayesoma. Mteja wa Tunduru anayefuatilia ukurasa wa Kiswahili hapaswi kuhitaji kamusi ili ajue kuwa anatazama tangazo. Kiswahili kina maneno ya kutosha, na yote ni mafupi: "Tangazo", "Nimelipwa kutangaza", "Nimepewa bure na duka", "Napata kamisheni ukinunua". Aliyenunua mwenyewe naye anaweza kusema "Nimenunua kwa fedha yangu", na neno hilo litapata thamani zaidi pale wengine watakapokuwa wakitamka walichopewa.

Mahali pa kutamka ni mwanzoni. Katika maandishi, liwe kwenye mstari wa kwanza unaoonekana kabla ya kufungua zaidi. Katika video, lisemwe kwa mdomo na kuandikwa kwenye picha ndani ya sekunde za awali. Katika matangazo ya moja kwa moja yanayochukua saa nzima, lirudiwe, kwa kuwa watazamaji huingia na kutoka. Kusema tu "shukrani kwa duka fulani" hakutoshi, kwa sababu mteja aliyelipa bei kamili naye anaweza kumshukuru muuzaji. Maneno yanapaswa kumwacha mtazamaji bila shaka kuwa bidhaa ilitolewa bila malipo.

Zipo hofu zinazostahili kusikilizwa. Mtengeneza maudhui mdogo anahofia kuwa akisema amepewa, wafuasi watamdharau, ilhali mwenzake anayeficha ataendelea kuaminiwa. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachwa kwa hiari ya mtu mmoja mmoja. Pale ambapo mkweli anapata hasara na mfichaji anapata faida, soko linafundisha watu kuficha. Mwongozo mmoja, wa Kiswahili chepesi, unaowahusu wote kwa usawa, humwondolea mkweli hasara hiyo. Humlinda pia mwenye duka anayeuza bidhaa bora lakini hana wigi za ziada za kugawa, ambaye kwa sasa anashindana na sifa zilizolipiwa bila mnunuzi kujua.

Wajibu wa kila upande

Mwananchi anayenunua mtandaoni ana nafasi yake katika kuijenga tabia hii. Kumuuliza mshawishi hadharani iwapo bidhaa anayoisifia amepewa au ameinunua ni swali la heshima na la haki, na anayekwepa kulijibu amekwisha kujibu. Kabla ya kulipia kipodozi, ni vyema kuomba picha ya maandishi yaliyo kwenye chupa, yakionyesha viambata, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kuachana na bidhaa isiyo na taarifa hizo. Risiti halali ya EFD idaiwe hata kama mzigo unasafiri kwa basi, kwa kuwa bila risiti ni vigumu kudai haki. Anayebaini udanganyifu wa kibiashara anaweza kuufikisha FCC, anayetilia shaka ubora au usalama wa kipodozi aende TBS, na malalamiko kuhusu maudhui ya mtandaoni yapelekwe TCRA.

Kwa upande wa taasisi, kazi iliyo mbele ni kuyasogeza maneno mapana ya sheria karibu na maisha ya kila siku, ili mwenye duka na mshawishi wasome kwa lugha yao kuwa zawadi ni malipo, kuwa malipo hutamkwa, na kuwa wote wawili wanawajibika. Kazi hiyo haihitaji kuwatisha vijana waliojiajiri kupitia simu zao. Wengi wao wangependa kufuata utaratibu ulio wazi kuliko kukisia.

Biashara ya mtandaoni imempa mnunuzi wa Sumbawanga rafu ambazo zamani zilikuwa za mkazi wa Dar es Salaam peke yake. Fursa hiyo itadumu ikiwa neno analolisikia kupitia simu linaweza kutegemewa. Anayeambiwa "nimepewa bure" bado yuko huru kununua, na wengi watanunua. Tofauti ni kwamba atakuwa ameamua mwenyewe, akijua anayemsikiliza ni nani na amepata nini.